Setilaiti za Kijasusi katika Masomo ya Watoto: Uhakiki wa Istilahi

Utangulizi

Historia ya setilaiti za kijasusi ni mojawapo ya mada ambazo mwalimu wa shule ya msingi huulizwa na wanafunzi wake hata kama haimo katika muhtasari. Watoto husikia habari redioni, huona dishi juu ya paa la duka, kisha huuliza: chombo hicho kiko wapi, kinamwona nani, na ni mali ya nani? Mwalimu akitaka kuwajibu kwa Kiswahili atakuta kwamba maneno yapo, tena si haba. Lakini yametungwa na watu mbalimbali, kila mmoja kwa haja yake: mtangazaji aliyekuwa akiharakisha taarifa, mfasiri wa kijitabu, na siku hizi hata mashine ya kufasiri. Maneno hayo hayajawahi kukaa pamoja darasani, nayo yakikutanishwa hugombana.

Katika makala haya tunakusudia kuyapima baadhi ya maneno hayo. Kipimo chetu ni kimoja tu, nacho ni hiki: je, mtoto akishalisikia neno, anaweza kuuliza swali la maana linalofuata? Neno linalomwacha na woga au mshangao mtupu tutalihesabu kuwa halifai, hata kama linapendeza sikioni.

Kwa kipimo hicho tumemchukua mtoto wa Maguu, katika Wilaya ya Mbinga, kuwa mfano wetu. Sababu ni mbili. Kwanza, watoto wengi wa huko huanza na Kimatengo nyumbani, na Kiswahili cha sayansi hukutana nacho shuleni. Istilahi ikiwa mbovu, hakuna mazungumzo ya mtaani yatakayoirekebisha. Pili, mtoto huyo amezaliwa katika nchi ya milima, akijua tangu utotoni kwamba anayesimama juu huona mengi yasiyoonwa na aliye bondeni, na kwamba si kila anachokiona huweza kukitambua. Hilo ndilo somo lenyewe la setilaiti.

Historia kwa ufupi

Yafaa kwanza tukumbushane mambo yenyewe, kwa kuwa istilahi haiwezi kuhakikiwa pasipo kujua kinachotajwa.

Setilaiti ya kwanza, Sputnik, ilirushwa na Urusi ya Kisovieti tarehe 4 Oktoba 1957. Wakati huo Marekani ilikuwa ikiipiga Urusi picha kwa kutumia ndege ya U-2, iliyoruka kwenye kimo cha kilomita 20 na zaidi. Tarehe 1 Mei 1960 ndege ya aina hiyo iliangushwa na kombora la Kisovieti, na rubani wake, Francis Gary Powers, akakamatwa. Mwezi Agosti mwaka huohuo mpango wa siri wa Marekani ulioitwa Corona ulifanikiwa baada ya kushindwa mara nyingi. Setilaiti iliyotajwa hadharani kwa jina la Discoverer 14 ilipiga picha kwa filamu ya kawaida, ikaitia filamu hiyo ndani ya kasha na kuliachia kasha lirudi duniani. Lilishuka kwa mwavuli juu ya Bahari ya Pasifiki, na tarehe 19 Agosti 1960 ndege ikalidaka hewani. Filamu ya safari hiyo moja ilionyesha eneo kubwa zaidi la Urusi kuliko safari zote za U-2 zilizotangulia.

Warusi nao hawakukaa kitako. Setilaiti yao ya kwanza ya namna hiyo iliyofanikiwa ilirushwa tarehe 26 Aprili 1962 kwa jina la Kosmos 4. Aina yake iliitwa Zenit, nayo ilifanana sana na chombo kilichombeba Yuri Gagarin mwaka 1961. Corona iliendelea hadi mwaka 1972, na picha zake, zaidi ya 800,000, zilifungiwa hadi Rais Clinton alipoamuru zitolewe mwaka 1995. Mwezi Desemba 1976 Marekani ilirusha setilaiti ya aina mpya iliyotuma picha kwa mawimbi ya redio, bila filamu wala kasha.

Maneno yenyewe

(a) Setilaiti, jicho na ungo. Neno setilaiti limekwisha kukubalika, na hatuoni haja ya kulirudisha nyuma kwa kutunga «mwezi bandia» au «kijisayari». Lakini limezungukwa na mafumbo mawili yanayomdhuru mtoto. La kwanza ni «jicho la angani». Jicho ni la kiumbe hai. Huona papo hapo, na mwenye jicho hujua alichokiona. Corona haikuwa hivyo. Ilifanana zaidi na mpiga picha aliye ndani ya basi lisilosimama, ambaye hawezi kuzitazama picha zake mpaka filamu ishuke, ikaokotwa, ikasafishwa. Chombo cha namna hiyo huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, yaani vipindi viwili vya darasa na kidogo, huku dunia yenyewe ikigeuka chini yake. Mtoto aliyefundishwa «jicho» atauliza, «Linaniona sasa hivi?» Aliyefundishwa «kamera inayopita» atauliza, «Itapita lini, na picha atapewa nani?» Swali la pili ndilo la historia.

Fumbo la pili ni ungo. Watu wengi husema dishi, lakini wapo wanaosema ungo kwa sababu ya umbo lake. Kwa mtu mzima hakuna dosari. Kwa mtoto aliyelelewa kwa ngano ambamo wachawi husafiri usiku kwa ungo, kuunganisha ungo, anga na siri katika sentensi moja ni kumpeleka mahali ambapo mwalimu hakukusudia. Twashauri darasani litumike neno dishi, na ielezwe wazi kwamba dishi hubaki juu ya paa likipokea mawimbi tu. Halirushwi, wala halipigi picha.

(b) Anga na anga za juu. Kiswahili cha kila siku kina neno moja, anga, kwa mahali ndege inaporuka na kwa mahali setilaiti inapozunguka. Sheria za mataifa zimepatenganisha. Kwa Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Ndiyo maana U-2 ilihesabiwa kuwa imevunja mipaka. Kwa Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, hakuna nchi inayoweza kuzifanya anga hizo kuwa mali yake. Ndiyo maana setilaiti hupita juu ya nchi yoyote bila kuomba ruhusa. Mfasiri anayeandika kwamba setilaiti «iliingia katika anga letu» amesema jambo ambalo kisheria ni shtaka, pengine bila kujua. Mtoto atauliza kwa nini haikuangushwa, na mwalimu atakosa jibu. Tunapendekeza anga litumike kwa ndege na anga za juu kwa setilaiti, tena bila kuchanganya, hata katika vitabu vya watoto wadogo.

(c) Mzingo au obiti. Wafasiri kadhaa huandika mzingo kwa njia inayofuatwa na setilaiti. Neno ni zuri, na katika maandishi ya watu wazima lapita. Lakini katika hesabu za shule ya msingi mzingo umekwisha kupewa kazi: ni jumla ya urefu wa pande za umbo. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba setilaiti «iko katika mzingo» atatafuta rula. Istilahi hutungwa kwa ajili ya shule nzima, si kwa ajili ya somo moja. Hapa twaona heri obiti, au kwa madarasa ya chini njia ya kuzunguka.

(d) Roketi na kombora. Hapa tunao mfano wetu wenyewe wa Afrika ya Mashariki, na unastahili kufundishwa. Mwaka 1960 Marekani na Uingereza zilikubaliana kijengwe Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya mpango wa Mercury, uliokusudiwa kumpeleka mtu anga za juu. Kilikuwa kituo cha antena na redio, hakikurusha chochote. Hata hivyo wapinzani wake, na mbele yao chama cha Hizbu, walikiita kambi ya roketi, wakasema kitaifanya Zanzibar iwe shabaha ya vita vya wakubwa. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia, kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyomfuatilia. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Mzee Karume ilitaka kiondolewe, na mwezi Aprili mwaka huo kikafungwa.

Hatusemi kwamba waliopinga hawakuwa na haki ya kupinga. Kuuliza mgeni anafanya nini nyumbani kwako ni haki ya kila mtu. Tena hofu yao ilikuwa na mzizi: roketi iliyoipeleka Sputnik ilikuwa imeundwa kuwa kombora la kuvuka mabara, na Corona nazo zilipandishwa kwa roketi iliyotokana na kombora la Thor. Tunachosema ni kwamba mzozo ulijengwa juu ya neno moja, roketi, ambalo liliachwa libebe mambo matatu: chombo kinachosukuma, silaha inayobebwa, na kituo kinachosikiliza. Wenye maneno matatu wangeweza kugombana vizuri zaidi. Wangeuliza: je, kituo hiki kinafuatilia vyombo gani, kwa faida ya nani, na nani atakikagua? Darasani basi, roketi ibaki kwa chombo cha kusukuma, kombora kwa silaha, na kituo cha ufuatiliaji kwa mahali pa antena.

(e) Kasha. Sehemu ya Corona iliyorudisha filamu imepata kuitwa kapsuli, na hata kidonge. Mtoto anavijua vyote viwili kutoka zahanati. Kidonge kinachoanguka kutoka mbinguni kikadakwa na ndege ni kichekesho. Kasha latosha. Ni neno la zamani, linalotaja kitu kinachofungwa ili kutunza cha thamani kilichomo.

(f) Ubainifu. Tunafika kwenye kosa ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kubwa kuliko yote. Kiingereza hutumia neno moja kwa uamuzi wa mkutano na kwa uwezo wa picha kuonyesha vitu vidogo. Kwa sababu hiyo, hasa tangu tafsiri za mashine zienee, twasoma habari za «azimio la picha» na «setilaiti yenye azimio la juu». Katika nchi yenye Azimio la Arusha, sentensi kama hiyo haieleweki hata kidogo. Kinachotajwa ni ubainifu, yaani upana wa kitu kidogo kabisa kinachoweza kubainika pichani.

Mwalimu wa Maguu hahitaji maabara ili kulieleza neno hili. Anazo ngoro. Wamatengo kwa vizazi vingi wamelima miteremko mikali kwa kufyeka majani, kuyapanga katika miraba, kisha kuchimba katikati na kuyafunika kwa udongo, hata mlima mzima ukawa kama wavu wa vishimo na matuta. Vishimo hukusanya maji ya mvua na kuzuia udongo usichukuliwe. Tuseme ngoro moja, pamoja na matuta yake, ina upana wa mita 2, yaani mita za mraba 4. Kamera ya kwanza ya Corona ilikuwa na ubainifu wa mita 12 hivi. Mraba wa mita 12 kwa 12 una mita za mraba 144; ndani yake zimo ngoro 36. Kwa kamera ile, ngoro 36 zingekuwa doa moja. Kufikia miaka ya mwisho ya mpango huo ubainifu ulifika karibu mita 1.8. Hapo ngoro zingeanza kujitokeza mojamoja.

Hesabu hiyo ina sehemu ya pili. Mwaka 1972, mwaka uleule Corona iliposimamishwa, Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat, tarehe 23 Julai. Picha zake zilikuwa za wazi kwa mataifa yote, kwa ajili ya kilimo, misitu na maji. Ubainifu wake ulikuwa mita 80 hivi. Mraba wa mita 80 kwa 80 una mita za mraba 6,400. Ndani yake zimo ngoro 1,600. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuifanya hesabu hii ubaoni, kisha akaeleza kwa maneno yake kwamba mlinzi wa siri alikuwa na mita 1.8 wakati mtaalamu wa kilimo alipewa mita 80. Akishasema hivyo amekwisha kuijua historia ya setilaiti za kijasusi kuliko watu wazima wengi. Lakini hawezi kusema hivyo kwa neno «azimio».

Upelelezi na ujasusi

Sasa tuligeukie neno lililo katika kichwa cha makala. Kiswahili kina upelelezi na ujasusi, na watu huyatumia kana kwamba ni mapacha. Sivyo. Kupeleleza ni kutafuta habari kwa uangalifu. Kazi hiyo huweza kuwa halali na ya wazi. Jeshi la polisi lina idara ya upelelezi wa makosa ya jinai, na mwananchi humwendea mpelelezi kwa msaada. Ujasusi ni kutafuta habari za wengine kwa siri, kwa niaba ya dola au kundi, bila wao kujua au kukubali. Usiri umo ndani ya neno.

Tukiangalia matumizi ya vyombo vya habari, tunaona mwelekeo wa kusikitisha. Setilaiti ya nchi inayopendwa na mwandishi huitwa ya upelelezi, wakati mwingine hata ya uangalizi. Ya nchi asiyoipenda huitwa ya kijasusi. Kamera ni ileile, obiti ni ileile, na usiri ni uleule. Mfasiri hulibeba jambo hili kutoka katika taarifa ya asili pasipo kufikiri. Mtoto anayejifunza lugha kwa njia hiyo hujifunza pia nani rafiki na nani adui, bila ya kuambiwa kwamba amefundishwa.

Taifa letu lilichagua tangu mapema kutofungamana na upande wowote katika ugomvi wa wakubwa. Lugha yake haina sababu ya kuwa na maneno mawili kwa tendo moja. Twapendekeza kwa hiyo: setilaiti yoyote inayopiga picha za nchi nyingine kwa siri na kuzificha iitwe setilaiti ya kijasusi, ikiwa ni Corona ya Marekani au Zenit ya Urusi ya Kisovieti, au ya nchi nyingine yoyote iliyofuata njia hiyo. Upelelezi waachiwe polisi. Na kwa jamii nzima ya setilaiti zenye kamera, za wazi na za siri, litumike jina lisilo na hukumu: setilaiti za kupiga picha. Mtoto ajue kwanza chombo, kisha tendo, na mwisho mwenye chombo. Hukumu ataitoa mwenyewe.

Jina linapokuwa pazia

Wasomaji wa jarida hili watavutiwa na jambo moja zaidi. Katika historia hii majina yenyewe yalitumika kama silaha. Discoverer maana yake ni mvumbuzi, na ulimwengu uliambiwa kwamba setilaiti hizo ni za utafiti wa sayansi. Jina Corona halikutajwa hadharani. Warusi walizihesabu Zenit zao ndani ya orodha ndefu ya Kosmos, pamoja na setilaiti za kisayansi, hivi kwamba namba peke yake haikumwambia mtu kitu. Kwa hiyo mfasiri anayetafsiri jina la hadharani bila maelezo huendeleza hila iliyotungwa zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Lipo pia jina la namna nyingine. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei za nyota ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru, na kazi yake ilielezwa wazi. Miaka mingi baadaye, tarehe 15 Aprili 2023, Kenya ilirusha Taifa-1, setilaiti yake ya kupiga picha za ardhi. Ilirushwa kutoka Vandenberg, California, kituo kilekile zilikorushwa Corona. Kwa umbo la kazi yao, Taifa-1 na Corona ni ndugu: kila moja ni kamera iliyo katika obiti. Wanaotofautisha ni wenye kamera, kwa kile wanachokisema na kwa wale wanaowapa picha. Hili nalo mtoto ataliona ikiwa maneno yetu yameliacha lionekane.

Hoja za upande wa pili

Tunatarajia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba mada hii ni ya usalama wa nchi na haifai watoto. Jibu letu ni kwamba tunayoyasema yote yamekwisha kutolewa hadharani na nchi zilizohusika. Mtoto asiyefundishwa na mwalimu atafundishwa na uvumi, na uvumi hauna istilahi.

Pingamizi la pili ni kwamba akifika sekondari mwanafunzi atayasoma haya kwa Kiingereza, basi ya nini kujisumbua? Hilo ndilo hasa linalotufanya tujisumbue. Mtoto wa Maguu anapokwenda kidato cha kwanza hupokea maneno mapya ya Kiingereza kwa wingi. Ikiwa dhana ya ubainifu amekwisha kuijenga kwa Kiswahili, kwa hesabu ya ngoro za mama yake, neno la Kiingereza litakuwa jina la pili la kitu anachokijua. Ikiwa hakuijenga, atakariri tu.

Hitimisho

Kwa muhtasari, tunawapendekezea wafasiri, walimu na watumishi wa serikali: setilaiti badala ya jicho la angani, dishi badala ya ungo, anga kwa ndege na anga za juu kwa setilaiti, obiti badala ya mzingo, roketi, kombora na kituo cha ufuatiliaji vitenganishwe, kasha badala ya kapsuli au kidonge, ubainifu badala ya azimio, na setilaiti ya kijasusi kwa kila setilaiti inayopiga picha kwa siri, bila kujali bendera.

Hatudai kwamba orodha hii imekamilika. Hatukugusa setilaiti zinazonasa mawimbi ya simu na redio, ambazo zina matatizo yao ya istilahi na zinastahili makala yake. Tunawaomba hasa walimu wa Mbinga na wa pwani ya Ziwa Nyasa wayajaribu maneno haya darasani na kutuletea maswali ambayo watoto wameyauliza. Kwa maswali hayo tutajua ni neno lipi lisimame na lipi lirudishwe mezani.